Nawapeleka wanafunzi Ufaransa kila Aprili, nyumbani mambo yanaamuliwa bila mimi

Mshauri, asalaam aleikum.

Mimi ni mwalimu wa Kifaransa katika shule moja ya sekondari ya binafsi hapa Mombasa. Nina miaka 42, nimeolewa, na tuna watoto watatu. Binti yetu yuko kidato cha tatu, wa pili ni mvulana wa miaka tisa, na kitinda mimba hajaanza shule. Mume wangu huendesha winchi bandarini Kilindini, kazi ya zamu, mara mchana mara usiku. Tunakaa Likoni, na mavyaa wangu yuko nasi uwanja mmoja.

Shule yetu ina urafiki na shule moja ya Marseille. Watoto wao huja Mombasa Februari wakalala majumbani mwa wanafunzi wetu, na wetu huwafuata likizo ya Aprili. Ni mimi niliyeandika barua ya kwanza ya kuomba urafiki huo miaka kadhaa iliyopita, na mpaka leo anayejulikana huko ni mimi.

Sitakuficha, kazi hii naipenda. Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mngazija, na Marseille imejaa Wakomoro. Mwaka jana sokoni Noailles, mama mmoja muuza mihogo aliwasikia wanafunzi wangu wakibishania bei kwa Kiswahili. Akawajibu kwa Kingazija, wakasikizana nusu kwa nusu, mpaka akawatilia ndizi za bure mfukoni. Kuna kijana pale ambaye darasani hafungui mdomo hata umfinye. Siku hiyo alisema Kifaransa, Kiswahili na mikono kwa mpigo mmoja. Nilijua kwa nini nilisomea kazi hii.

Usichokiona kwenye picha ni faili za viza. Kila mtoto ana yake: cheti cha kuzaliwa, taarifa za benki za wazazi, bima isiyopungua yuro 30,000, barua ya idhini iliyotiwa sahihi na baba na mama. Baba mmoja yuko Qatar na hapokei simu mpaka Ijumaa. Mwingine hajaonekana tangu mtoto azaliwe, ikabidi mama aende kula kiapo kwa wakili. Alama za vidole huchukuliwa Nairobi, kwa hiyo nawapakia treni ya SGR kundi zima, nalala nao huko, narudi nao. Tunaanza Novemba. Kufikia Februari wageni wa Kifaransa nao wameshuka, na simu za wazazi haziishi. "Mwalimu, benki imekataa kugonga muhuri." "Mwalimu, passport ya mtoto imeandikwa jina kinyume." Ramadhani iliyopita nilifuturu na simu sikioni.

Mume wangu hajawahi kunikataza. Zamani akinisindikiza hadi uwanja wa ndege, akinibebea mkoba. Siku hizi huuliza tarehe ya kurudi, basi. Aprili niliporudi nilikuta mwanetu wa kiume amehamishwa madrasa. Sikuulizwa. Nilipotaka kujua, alinijibu, "Ulikuwa na kazi." Nikiwa huko alinipigia jioni moja, mara mbili tatu hivi, nami nilikuwa nimechanganyikiwa: mwanafunzi mmoja alitupotea kituo cha Saint-Charles, alipanda metro ya upande usio wetu, na hatukumpata mpaka usiku unaingia, amekaa peke yake kituo cha Castellane. Nilimwandikia mume wangu kwamba nitampigia. Nikasahau. Kesho yake nilipompigia akasema hapakuwa na neno. Nadhani alitaka tu kunichunguza niko wapi.

Mavyaa yeye hasemi nami. Humwambia paka. "Siku hizi wake husafiri bila maharimu, tena na watoto wa watu." Maharimu, yaani mume au jamaa wa karibu wa kiume. Paka ananyamaza, mimi nasikia. Marehemu mkwe wangu alikuwa baharia wa meli za mizigo, akipotea miezi na miezi, na sijapata kusikia akimsema yeye kwa hilo.

Kinachoniuma zaidi ni binti yangu. Mwaka huu alipochagua masomo aliacha Kifaransa. Nilikuja kuliona kwenye ripoti ya muhula. Yeye yuko shule nyingine, na sikuwa nimemwuliza, maana zilikuwa siku za wageni.

Sasa mwalimu mkuu anataka jibu kuhusu safari ijayo kabla shule hazijafungwa Agosti. Msimamizi wa pili, mwalimu wa michezo, amehama. Mwalimu mkuu amesema nikitaka, nafasi hiyo ya bure naweza kumpa binti yangu aje kama msaidizi. Naona ni njia ya kumrudisha karibu. Lakini mwakani ni mtahiniwa wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, kundi la mwisho la mfumo wa 8-4-4, na baba yake sijamwambia.

Kuna na jambo ambalo sijamwambia mtu. Usiku wa kwanza Marseille, nikishawagawa wanafunzi wote kwa wenyeji wao nikafunga mlango wa chumba changu, hulala usingizi ambao Likoni siupati mwaka mzima. Usiku huo wanangu siwakumbuki. Nawakumbuka kesho yake. Mama wa aina gani huyu?

Niache? Niendelee? Nimchukue binti? Nikiacha hakuna mwalimu mwingine wa Kifaransa shuleni, safari itakufa.

Mwalimu, Mombasa

*

Wa aleikum salaam, mwalimu.

Nianze na hilo la usingizi, kwa kuwa umeliweka mwisho na kulificha nyuma ya safari. Mtu anayelala fofofo siku ya kwanza ya kuwa peke yake mara nyingi amefika pale akiwa hoi. Wewe umebeba faili za watoto wa watu tangu Novemba, umepokea wageni, umefunga Ramadhani, umevuka feri asubuhi na jioni, kisha umesafirisha kundi la vijana hadi bara jingine na kumkabidhi kila mmoja mikononi mwa mwenyeji wake. Mwili ukipata mlango wa kufunga, unafunga. Sioni hapo ushahidi kwamba huwapendi wanao. Naona swali ambalo ningependa ulikae nalo: kwa nini mapumziko ya mama huyu yanapatikana Marseille peke yake? Sina hakika kwamba jibu liko kwa mumeo, wala kwamba liko kwako.

Sasa safari yenyewe. Umeniuliza kama uache au uendelee, na umelipima jambo kwa siku zile za Aprili. Lakini tazama ulivyoandika. Ripoti ya binti: siku za wageni, huku Mombasa. Futari na simu sikioni: Likoni, mezani kwako. Katika yote uliyonilalamikia, lililotokea ukiwa umevuka bahari ni la madrasa tu, labda na ile simu. Safari ni wiki mbili hivi. Faili ni nusu mwaka. Huenda mumeo hana kinyongo na Ufaransa hata kidogo, ana kinyongo na mtu aliye chumba kimoja naye ambaye hapatikani. Nasema huenda, kwa sababu mimi nimesoma barua ya upande mmoja tu, na yeye maneno yake humo hayafiki mstari mmoja.

Hayo maneno machache nayo yanahitaji kusikizwa tena. "Ulikuwa na kazi." Wewe umeyasikia kama kisu. Yanaweza kuwa kisu kweli. Yanaweza pia kuwa ya mtu aliyejifunza kutokusumbua. Na ile jioni ya Saint-Charles, umeamua kwamba alikuwa akikuchunguza. Ungemwuliza, kwa upole na bila ya kutafuta ushindi: siku ile ulipopiga ulitaka nini? Mimi si mpiga ramli, lakini mtoto alihamishwa madrasa siku hizohizo, na mtu asiyetaka kushauriana na mkewe hapigi simu mara tatu. Kama alitaka kuchunguza, utajua. Kama alitaka kuuliza kuhusu mtoto, basi wewe na yeye mmekuwa mkibeba jioni moja kwa maana mbili tofauti tangu Aprili. Na yeye, je, alijua siku ile kwamba ulikuwa umepotelewa na mtoto wa mtu? Barua yako haisemi kama ulimwambia. Kama hukumwambia, anza na hilo. Mwendesha winchi anajua kazi ambayo kosa dogo laweza kumgharimu mtu maisha. Hatashindwa kuelewa jioni yako ilivyokuwa.

Mavyaa na paka wake wamenichekesha, nisamehe. Umemtaja marehemu baharia kama shtaka juu ya mavyaa: mbona yeye hakumsema. Mimi nimesoma vingine. Huyu ni mwanamke aliyelea watoto peke yake miezi na miezi, na hakuna aliyemwuliza kitu, na pengine hakuwa na wa kumwambia zaidi ya paka wa zamani zile. Akiona nyumba ina upande mtupu, anaijua hali hiyo kuliko wewe na mumeo. Huenda anakuonea. Huenda pia anaogopa, na hofu yake imetoka na mavazi ya dini. Hujawahi kumwuliza maisha ya mke wa baharia yalikuwaje? Siahidi kwamba atalainika. Wazee wengine wakiulizwa hufurahi, wengine huona wanachimbwa.

Kuhusu maharimu, mimi si sheikh, na sitajifanya. Wanazuoni wametofautiana: wapo wanaolishikilia sharti hilo kila safari, na wapo wanaoruhusu mwanamke asafiri na kundi la kuaminika njia ikiwa salama. Kama jambo hili linakugusa moyoni, nendeni wewe na mumeo pamoja kwa sheikh ambaye nyote wawili mnamwamini. Mkienda pamoja, jibu litakuwa lenu. Ukienda peke yako ukarudi na fatwa mkononi, utakuwa umeleta nyumbani karatasi nyingine ya kugongwa muhuri.

Tuje kwenye njia zilizo mbele yako.

Kuacha kabisa ni njia halali, na wako watakaokupongeza. Hatari yake ni kwamba hakuna aliyekuomba uache. Mumeo hakusema, binti hakusema. Ukiwatolea kafara ambayo hawakuiomba, siku ya ugomvi utawadai deni ambalo hawalijui. Na zile saa utakazozipata, una hakika zitaenda nyumbani? Mwalimu wa aina yako huwa hakai bure. Ukiacha Marseille, mwalimu mkuu atakukabidhi tamasha la drama kabla kalamu haijakauka.

Kuendelea vilevile kama ulivyo sidhani unakutaka, la sivyo usingeandika.

Katikati kuna mengi. Faili, kwa mfano. Ni nani aliyesema mwalimu wa lugha ndiye karani wa viza? Wazazi wanaweza kuunda kamati yao, mmoja mwenye mpangilio akakusanya vyeti na sahihi, karani wa shule akakagua, na wewe ukaja mwisho. Simu zikawa na saa zake, mathalan hakuna simu ya mzazi baada ya magharibi, na Ramadhani kabisa. Faida yake unaiona. Hatari zake pia zipo: sahihi moja ikikosekana, mtoto mmoja anaweza kunyimwa viza, na mzazi wake hatamlaumu karani, atakuja kwako. Tena wewe mwenyewe itabidi uvumilie kuona kazi ikifanywa polepole, au vibaya kidogo, na mtu mwingine. Umeandika kwamba ukiacha, safari itakufa. Labda ni kweli. Lakini kitu ambacho hakiwezi kuishi ila kwa mtu mmoja tayari kiko hatarini, hata ukiendelea nacho. Ukiugua Machi itakuwaje?

Kuna kwenda mwaka mmoja na kupumzika mwaka mmoja. Itakupa Ramadhani moja katika kila mbili ya kufuturu na watu wako. Kuna watoto ambao mwaka wao wa kusafiri utaangukia ule wa mapumziko, nao watalia, na wenzenu wa Marseille wanaweza kutafuta shule nyingine. Kifaransa chao hakitakufa kwa hilo. Alliance Française ya Mombasa ipo, mitihani ya DELF ya kupima Kifaransa ipo, na mtoto mwenye bidii anaweza kufika mbali bila ya kupanda ndege.

Na kuna kwenda karibu. Moroni, mji mkuu wa Komoro, wanasema Kifaransa, ni lugha rasmi pamoja na Kiarabu na Kikomoro, na viza hutolewa mtu anapowasili, hakuna kupanda SGR kwenda kupeana vidole. Mlima wa faili unakuwa kichuguu. Kwa upande mwingine, wazazi wanaolipa karo kubwa huenda wakataka picha za Ufaransa, na urafiki wa namna ya Marseille hujengwa kwa miaka. Bibi yako kutoka Ngazija ananifanya niulize jambo la pembeni: wewe na mumeo na watoto mmewahi kwenda huko, bila mwanafunzi hata mmoja? Si lazima unijibu.

Sasa binti. Hapa nakuomba uende taratibu. Nafasi hiyo ni ya msimamizi. Ulipopotelewa na mwanafunzi Saint-Charles, mtu mzima mmoja alitakiwa kubaki na kundi na mwingine kutafuta. Binti wa kidato cha nne ni mtoto wa kusimamiwa, hawezi kusimamia, na hilo ni zito kwa wazazi waliokukabidhi wanao. Ukimpa yeye kiti hicho, unakuwa umepunguza mkono mmoja wa kukusaidia na kuongeza mtoto mmoja wa kumchunga. Wenzake watahesabu pia kwamba wao walilipa. Kama unataka aende, huenda njia safi ni aende kwa gharama yenu, kiti cha msimamizi akae mwalimu mwingine. Hapo linakuja la fedha, na la KCSE. Likizo ya Aprili kwa mtahiniwa ni ya kusoma, na baba yake atakuwa na neno. Haifai alisikie kwa mwalimu mkuu.

Hata kabla ya hapo, mwenyewe anataka? Umeona ni njia ya kumrudisha karibu, lakini barua haina neno lake hata moja. Kuacha Kifaransa huenda ni ujumbe kwako. Huenda pia anapenda tu Biashara, au mwalimu wao wa Kifaransa anachosha, watoto huchagua kwa sababu ndogo kuliko tunavyodhani. Na ukimpeleka Marseille, atakuona ukiwa kazini, jina lako likiitwa na kila mtu tangu asubuhi. Anaweza kukuheshimu upya. Anaweza kuona kwamba hata huko zamu yake haifiki. Mimi ningemtafuta huku kwanza, mkavuka feri pamoja siku moja mkale mahali, umwulize masomo yake bila kutaja Kifaransa. Yeye akikitaja, msikilize.

Mumeo nimemweka mwisho kwa makusudi, maana sidhani utaweza kumjibu mwalimu mkuu kabla hujaongea naye. Chagua wiki ya zamu ya mchana, usimkamate akitoka usiku hana macho. Usiende na uamuzi tayari ukitaka baraka tu. Mwambie habari za yule mtoto wa Castellane. Mwulize ile simu. Mwulize pia ni lini aliacha kukusindikiza uwanja wa ndege, na kwa nini. Huenda jibu likawa chungu. Huenda likawa ni zamu tu zilibadilika.

Akilalamikia miezi ile ya faili, mna jambo la kupanga pamoja. Akilalamikia safari yenyewe, ni mazungumzo mengine, marefu zaidi, na hapo pengine mtamhitaji mtu mzima wa kukaa kati yenu. Akisema hana neno, kama alivyosema siku ile, usiridhike haraka.

Mwalimu mkuu naye ana haki ya jibu, lakini na wewe una haki ya kumwuliza kwanza. Nani atashika faili safari hii? Shule italipa mwalimu wa pili, na ni nani? Mzazi akiwa na shida saa tatu usiku, atampigia nani asiyekuwa wewe? Mwombe akujibu kwa maandishi, na uyapeleke maandishi hayo nyumbani, mumeo ayasome kabla hujatia sahihi yako.